Mpini wa Mti na Mkono wa Kushoto

Jumamosi, 3 Mei

Mikono bado inanuka baruti. Nimeisugua kwa limau na bado.

Leo tena uwanja wa shabaha wa Oakdale na Wanjiru, mfanyakazi mwenzangu kutoka Kenya, yule aliyeniingiza kwenye huu wazimu. Tena nimepiga vibaya. Bastola ya kukodi ya milimita tisa inanipiga teke, nami nafumba macho kabla hata haijalia. Na risasi zake ni bei mbaya. Nusu saa tu, mfuko umekauka.

Lakini kuna habari! Ligi ya wanawake ya Jumatano imebakiza nafasi moja. Majaribio ni Jumamosi ya tarehe 17. Masharti: uje na bastola yako mwenyewe, za kukodi hazikubaliwi. Carol, mwalimu wetu, bibi mwenye mvi na sauti ya kamanda, kanishauri nichukue twenti-tuu, bastola ya kipenyo kidogo cha .22. Ina risasi ndogo, teke lake halisumbui, na bei yake inakuruhusu kufanya mazoezi mchana kutwa bila kuugua moyo.

Naitaka hiyo nafasi. Naitaka mpaka naona aibu. Miaka yote ya Minnesota, kila ninachofanya ni cha kazi, cha kanisa au cha nyumba. Hiki ni changu.

Jumapili, 4 Mei

Baada ya ibada nimemwambia mume wangu, Baba Upendo. Kakubali kwa sharti moja: kasha la chuma lenye kufuli liingie nyumbani kabla ya bastola. Haki yake. Nami nilishapanga hivyo hivyo, ila nimemwacha aone ni wazo lake.

Mama mkwe, aliye nasi hapa Coon Rapids tangu theluji, kauliza bastola kwetu Singida wanashika nani. Kajijibu mwenyewe: polisi na majambazi. "Sasa wewe mwanangu uko upande gani?" Baba Upendo kacheka mpaka chai ikampalia.

Upendo alikuwa mezani anachora. Bibi yake kamtoa penseli mkono wa kushoto, kamwekea wa kulia. Kama kila siku. Mtoto kasema "But Grandma, it's harder," kwamba kwa kulia ni vigumu zaidi. Bibi hajui Kiingereza, au hataki kujua. Mimi nimekaa kimya. Mkwe ni mkwe.

Jumatano, 7 Mei

Siku tamu! Kibali cha kununua kimeshafika, basi leo, kwenye duka la palepale Oakdale, nimejaribu twenti-tuu kwa nia ya kuoa.

Ya kwanza nyembamba, nyepesi kama ya kuchezea. Inachagua risasi kama mgonjwa anavyochagua chakula. Ukiitilia za bei rahisi inakwama. Nimeirudisha.

Ya pili ya plastiki, nyeusi, sura mbaya kabisa. Vitufe vimejaa pande zote mbili. Haikwami kwa risasi yoyote. Carol anaisifu. Mimi nimeishika kwa heshima tu.

Ya tatu... Eeh. Mtutu mrefu, mpini wa mti uliochongwa kufuata kiganja, na kijukwaa cha kupumzishia kidole gumba. Imekaa mkononi kama tumezaliwa pamoja. Imetumika kidogo, kwa hiyo bei si ya kutisha. Muuzaji kaniwekea kando mpaka Jumatano ijayo.

Matundu yangu kwenye karatasi yalitawanyika kama kawaida, mengi kushoto. Nitazoea. Mpini wa mti utaninyoosha.

Alhamisi, 8 Mei

Maabara siku nzima. Nimepanga mirija ya damu huku kidole gumba kikitafuta kile kijukwaa. Mpenzi mpya.

Jumamosi, 10 Mei

Sijui nicheke au nilie. Nitaandika kwa mpangilio.

Nilikuwa na ile ya mti, muuzaji kaniruhusu kuijaribu tena. Nikapiga vibaya. Nikabadili risasi. Vibaya. Nikasimama upya, nikavuta pumzi kama Carol anavyofundisha. Vibaya zaidi. Wiki moja tu imebaki. Nilitaka kutupa miwani chini.

Carol alikuwa nyuma yangu, akinitazama. Kisha kanirushia vikinga masikio vyake. Nimevidaka. Kauliza umevidaka kwa mkono gani. Nimetazama. Kushoto.

Kaniambia ninyooshe mikono, nitengeneze kitundu kwa viganja, niitazame saa ya ukutani kupitia hapo, kisha nikisogeze kitundu usoni taratibu. Kimekuja moja kwa moja kwenye jicho la kushoto. Tumerudia. Kushoto. Ndilo jicho langu la kulengea, kasema.

Kauliza kwa nini basi napiga kwa mkono wa kulia. Ningemwambia nini? Kwamba siku ya kwanza alinipa bastola yeye, mtu mzima, na kitu cha mtu mzima hakipokelewi kwa kushoto? Kwamba marehemu bibi yangu alikuwa akinipaka pilipili vidole vya kushoto mpaka nikasahau kwamba vilikuwa vyangu? Nilimwambia hivyohivyo, kwa vipande vya Kiingereza. Wanjiru kashika tumbo kwa kicheko. "Aki wewe! Umekuwa uki-shoot na mkono wa kusalimia watu!"

Nikahamisha bastola kushoto. Mpini wa mti ukakataa. Kile kijukwaa kimechongwa kwa mkono wa kulia tu, kikanichoma kiganja. Carol kanipa ile mbaya ya plastiki.

Matundu yakakusanyika. Si katikati, lakini pamoja, kama watu wa familia moja. Nilipiga kelele mpaka jirani wa kibanda cha pili akachungulia.

Jumapili, 11 Mei

Nina hasira na bibi yangu, Mungu amrehemu. Na nina furaha ya ajabu. Vyote pamoja.

Nimekata vitunguu kwa kushoto nikiwa peke yangu jikoni. Vimetoka vyembamba, sawasawa. Niliposikia kandambili za Mama zinakuja, kisu kimehamia kulia chenyewe.

Mama mkwe kahamisha tena penseli ya Upendo. Nimenyamaza tena. Najichukia kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Nimenunua ya plastiki! Nimemwambia muuzaji ile ya mti aiachie mwingine. Nimeishika mara ya mwisho. Nzuri kweli. Ilikuwa ya mtu mwingine, ndiyo basi.

Yangu vitufe viko pande zote mbili, hata mkono wa kushoto unavifikia. Kile nilichokiona sura mbaya ndicho nilichohitaji. Imelala kwenye kasha, kasha limefungwa, risasi ziko mahali pengine. Baba Upendo kakagua kama afisa wa forodha.

Jumamosi, 17 Mei

Wanawake watano, nafasi moja.

Mwanzo mbaya. Carol kanikabidhi magazini ya risasi, nimepokea kwa kulia, kwa adabu, na bastola ikafuata hukohuko. Risasi ya kwanza nje kabisa ya duara. Nyuma nikasikia kikohozi cha Wanjiru. Nikaweka chini. Nikaanza upya, kushoto.

Katikati risasi moja haikulipuka. Twenti-tuu ndivyo zilivyo. Nikakaa nimeielekeza mbele, nikisubiri, isije ikalipuka kwa kuchelewa. Nikaitoa. Nikaendelea. Kwa mkono wa kushoto. Wangu huu.

Nafasi ni yangu! Carol kanipa mkono, nami nimempa wa kushoto bila kufikiri, naye kabadili wake. Wanjiru kalia. Mimi nimelia. Tumekula mandazi yake ndani ya gari huku tukipiga kelele.

Jumapili, 18 Mei

Mvua. Tumekula mapema.

Nilikuwa nakata vitunguu vya kesho, Upendo anachora mezani. Mama kanyoosha mkono, kachukua penseli.

"Mama, mwache," nikasema. Sauti ilitoka ndogo. "Huo mkono ameutoa kwangu."

Kanitazama. Akatazama kisu. Kilikuwa kushoto, na safari hii sikukihamisha.

"Na wewe ulinyamaza miaka yote hiyo?"

"Nilinyamaza, Mama."

Alikaa na penseli kidogo, akiipapasa. Kisha akamrudishia mtoto. Upendo kaipokea kwa kushoto, na bibi yake kaiachia.

Nimemaliza vitunguu.