Mlima wa Mama kwa Lenzi ya Hamsini

Jumatatu, 10 Machi
Daftari langu, habari za tangu Jumatano ya Majivu? Mimi mzima, ila moyo hautulii. Mama yuko Liuli kwa dada Fridolina. Jicho moja lilishakufa, la pili lina mtoto wa jicho. Upasuaji ni Jumatatu ijayo. Amegoma. Kwanza aone shamba lake la ngoro, yale mashimo ya kulimia mlimani, la kule Litembo, lote, shimo kwa shimo. Asije akapofuka hajaliona. Miguu haipandi milima tena. Kwa hiyo ni mimi na kamera.

Jumatano, 12 Machi
Bodaboda hadi Litembo. Nimepiga kwa lenzi pana. Picha moja, shamba zima limeingia. Nikajiona fundi. Nikaituma Liuli. Dada kamwonesha mama kwenye simu, naye kaisogeza hadi puani. Akanipigia mwenyewe: "Mwanangu, mlima wangu umeulaza. Huu ni uwanja wa mpira."

Kweli. Lenzi pana inasukuma vitu mbali. Mteremko uliomchosha marehemu baba umekuwa kichuguu. Nimekasirika. Halafu nimeona aibu.

Alhamisi, 13 Machi
Rozari nimesali mdomoni tu, akili iko kwenye lenzi. Ee Mungu nisamehe. Lenzi ile ndefu itataka picha thelathini, na mawingu hayasubiri. Ya milimita hamsini, basi. Kamera wima, picha saba, kila moja ifunike theluthi ya mwenzake, kisha niziunge.

Ijumaa, 14 Machi
Nimefunga, ni Kwaresima. Nimesimamisha stendi njiani, chini ya shamba. Nikafunga mwanga usijibadilishe. Nikaanza kushoto. Wifi Kolastika alikuwa palepale anafukia nyasi. Picha ya pili tu, kaniona. Jembe chini, huyo anakuja, kapiga goti kuniamkia, mkono mbele. Nimwambie ngoja? Nikaitikia. Za nyumbani, za watoto, za mama. Akaenda kunywa maji kule kulia, mgombani. Mimi nikaendelea. Ya saba ilipotoka, mvua ikashuka.

Jumamosi, 15 Machi
Nimeziunga kwenye kompyuta. Mlima umesimama! Nimepiga ishara ya msalaba.

Kisha nikamwona wifi. Kushoto analima. Kulia anakunywa maji. Wawili! Kosa langu. Ningewaamkia wote kwanza, ndipo nishike kamera. Kurudi hakuna muda. Nimeichapisha hivyohivyo, karatasi ndefu kama mkeka. Naogopa ataikataa.

Jumapili, 16 Machi. Liuli
Mama kaishika karibu na jicho. Hakuitazama yote. Aliisogeza polepole, kipande baada ya kipande, kutoka kushoto. Kumbe naye anaona kwa lenzi nyembamba, anaunga mwenyewe. Kwenye ngoro za juu alisimama sana. Pale ndipo baba alipoanguka mara ya mwisho.

Alipofika mgombani akacheka. "Huyu mke wa kaka yako, siku hizi analima na kupumzika kwa pamoja?"

Akaikunja, akaiweka chini ya mto. Akamwambia dada amwandalie kitenge kisafi cha kwendea hospitali kesho.

Sasa ziwa, hapa mbele ya nyumba ya dada, limetulia. Bwana, nimekuomba jicho moja tu. Nijibu mapema.