Jumapili Nitanyamaza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Bweni linavuja, ila mimi mzima.

Haya, cheka kidogo: mwanao anayesomea shahada ya ustawi wa jamii amefeli jaribio la kumsikiliza mtu. Nilipangiwa mama mmoja mjane. Nikamuuliza, "Unalala vizuri, eti?" Akaitikia, "Eeh." Nikaandika: analala vizuri. Mwalimu akaniambia, "Swali umeuliza wewe, na jibu umelitoa wewe."

Nilinuna siku nzima. Kisha nikakumbuka simu zetu za kila Jumapili tangu tumzike Baba. "Unaendelea vizuri, eti Mama?" Nawe, "Eeh."

Jumapili hii nitakuuliza unalalaje, halafu nitafunga domo langu. Hata ukikaa kimya, sikati simu.

Ni mimi,
Chiriku wako