Firigisi Nimeila Mimi

Mdogo wangu Rose,

Huku Gazi hata chumvi hulowa ndani ya kopo, na mimi silalamiki. Jana Mama Saumu, yule jirani yetu wa zamani wa Makadara aliyehamia huku, alinichinjia kuku, akampika kwa nazi. Alipopakua, firigisi akaniwekea mimi. Nikamwambia kwetu Butere hiyo huliwa na mwenye boma, mwanamke haigusi.

Akatazama huku na huku ndani ya nyumba. "Sasa Mama Tito, mwenye boma hapa ni nani? Kula, inapoa."

Nikaila, Rose, polepole, mpaka ikaisha.

Najua shemeji zangu wanataka nihame Makadara nirudi bara Butere, kwenye shamba la marehemu mume wangu, nikae kando ya jiko lao nikingoja kuamriwa. Wakija kwako kuuliza, wape chai kwanza. Halafu waambie kiwanja cha Gazi nimekichukua, na miti ya kujengea imeshakatwa. Habari ya firigisi wape mwisho, wakishameza chai.

Wabusu watoto. Ukija njoo na unga wa wimbi, huku siuoni. Nitakuchinjia kuku, na firigisi itakuwa yako.

Dada yako,
Mama Tito