Pedali ya Wairimu inalia na mimi sisikii

Jumanne, hapa Bondeni, Nakuru. Upepo umepiga tangu asubuhi, ule wa kubeba vumbi ya ziwa mpaka ndani ya kikombe. Mwili iko sawa. Roho ndio haiko.

Wale mnanisomanga mnajua mimi si mtu wa kuogopa. Nilikutana na nyati kule Menengai na ni yeye alikimbia. Sawa, tulikimbia wote wawili, lakini yeye ndiye alianza.

Leo naogopa.

Kwa mgeni wa hapa: mimi natengeneza kompresa za gitaa. Si ile ya kujaza tairi upepo, ingawa mtu wa lori aliniletea gurudumu siku moja na nikamwambia aiache, nitaiangalia. Yangu ni kaboksi ka kukanyaga na mguu, watu wanaita pedali. Gitaa inapitia hapo kwanza kabla ifike kwa spika. Ukipiga nyuzi kwa nguvu, inakushikilia. Ukipiga pole, inakuinua. Noti zote zinatoka sawa na zinakaa hewani. Ndani naweka taa ndogo ya tochi na lile jicho la taa za getini, lile linajua giza imeingia, nazifunga pamoja na tepu nyeusi. Gitaa ikipiga kelele taa inawaka, jicho inaona, sauti inarudishwa chini.

Hakuna shule ilinifunza hiyo. Wenye digrii wanapima na mashine, mimi napima na maskio, na kutoka Mau Narok mpaka Mai Mahiu hakuna mpiga gitaa hajui hayo maskio. Nikiwa mdogo kwa nyumba za reli, nilikuwa naskia gari moshi ikiwa bado Njoro, na namwambia mama kama dereva amelewa.

Sasa leo asubuhi akaingia Wairimu. Huyo ni msichana wa Molo, anapiga gitaa kwa harusi Jumamosi na kwa kanisa Jumapili, na vidole vyake ni vya maana. Nilimtengenezea pedali mwezi uliopita. Akaiweka kwa meza polepole, vile mtu anarudisha mtoto wa wenyewe.

"Mzee, iko na kelele. Nikiacha kupiga inaanza kufanya shhh, kama mafuta kwa sufuria."

"Ni viazi unakaanga huko Molo unasingizia kazi yangu," nikamwambia. "Ama baridi imekugandisha maskio."

Akacheka, lakini pedali akaiacha pale pale. Nikachomeka gitaa, nikawasha spika, nikatega sikio. Kimya. Kimya safi kabisa. Nikasema ni waya yake, nikabadilisha waya. Akasema bado. Nikabadilisha betri. Akasema bado, na sasa alikuwa ananiangalia mimi, si pedali.

Hapo ndio mama wa chai, yule anauza kando ya mlango wangu, akasema bila hata kugeuka, "Mzee, zima hiyo kitu. Inavuja kama mtungi wa gesi."

Yeye alikuwa nje. Mimi nilikuwa nimeiinamia.

Nikamwambia ni chai yake inachemka. Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka nao. Wairimu ako na harusi Jumamosi hii. Nikamwambia aniachie, akuje Ijumaa.

Alipoenda nikafunga mlango nusu. Nikaweka sauti mpaka mwisho, nikaweka sikio kwa spika yenyewe. Ule mngurumo mzito wa umeme, mmmm, huo niliuskia. Juu yake hakuna kitu.

Kuna kapasita moja ndogo mimi huweka mwisho, kazi yake ni kukata zile sauti nyembamba za juu. Tangu mwaka jana nimekuwa nikiipunguza, nikipunguza, kwa sababu pedali zote zilikuwa zinatoka kama zimefunikwa blanketi. Nililaumu muuza spea mpaka tukakosana.

Blanketi iko kwa kichwa yangu.

Nikapigia mpiga gitaa mmoja wa Mai Mahiu, mteja wangu, nikamuuliza kwa mzaha kama yake inalia.

"Aah, inalia kiasi, mzee. Lakini tulishazoea."

"Na mbona hukuniambia?"

"Si wewe ndio fundi? Nilidhani inakuwanga hivyo."

Tulishazoea. Tangu hapo nawafikiria wote wenye wako na pedali zangu, wanakanyaga mbele ya watu, inafanya shhh, na wananyamaza kwa sababu wananiheshimu. Afadhali wangenitukana.

Baba alifanya kazi karakana ya reli, katikati ya nyundo, na mwisho hakuwa anaskia. Nyumba nzima ilimpenda. Lakini mtu akichoka kurudia maneno anaanza kusema, "Si kitu, baba, wewe kula." Aliambiwa si kitu, si kitu, mpaka akaacha kuuliza. Watu wanacheka kwa meza, na yeye anaangalia midomo, anatabasamu kwa kuchelewa.

Hiyo ndio naogopa. Kifo naweza kukitania. Lakini mimi ni mtu wa stori, na stori bila mtu wa kukujibu ni wazimu.

Jioni nikamwita Rasoa, bibi yangu, mwenye amechukia hizi pedali tangu tuoane. Nikamvalisha hedfoni, nikamwambia leo ako na bahati, anaskia kazi ya bingwa. Nikawa nabadilisha hiyo kapasita, naweka ingine kubwa kidogo, namuuliza.

"Inalia."

"Sasa?"

"Inalia."

"Na hii?"

"Imepungua. Ongeza. Hapo. Imenyamaza."

Nikaishika hapo na solda. Kwangu zote zilikuwa moja.

Akatoa hedfoni. Halafu akafunika mdomo na leso, akaniangalia. Macho yake yalikuwa yanangoja kitu. Na mimi nikangoja, nikidhani anataka kukohoa.

Akateremsha leso. "Nimekuuliza mara mbili kama utakunywa chai."

Nikamwambia nitakunywa. Na yeye hakucheka, na huyo mwanamke hunicheka hata nikijichoma na solda.

Anasema kesho twende hospitali nipimwe. Dada yake alipimwa. Wanakufungia kwa kachumba kadogo, wanakuvalisha vitu kwa maskio, wanakupea kakitu ka kubonyeza, wanakuambia bonyeza kila ukiskia kamlio. Nimekubali. Ijumaa nitamwambia Wairimu ni nani alinyamazisha pedali yake, na hao wengine nitawaita mmoja mmoja walete zao.

Lakini tangu tumalize kula nafikiria hiyo kachumba. Najiona nimeketi, mlango umefungwa, kidole iko juu ya hiyo kitu, nangoja. Nangoja sana.

Nitajuaje kama walishaanza?