Nyama ya Bunduki Ndogo

Rumonge,
14 Rajabu 1331

Mpendwa kaka yangu Hadji,

Salaam nyingi zikufikie huko Ujiji, wewe na wifi yangu Kadidja pamoja na watoto. Je, kile kifua chako kimepoa tangu mvua ziishe? Sisi huku tu wazima, ila mama analalamikia magoti, na moshi wa kuchemshia mawese unanitoa machozi kila asubuhi. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, maana mwandishi wa hapa sokoni hawezi kufunga mdomo. Ukiisha kuisoma, ichome.

Nakuandikia habari za shemeji yako Assumani na ile bunduki ndogo uliyomletea. Kwanza nilidhani anaiharibu makusudi. Alikuwa akilala kifudifudi pale ufukweni, bunduki ameiegemeza juu ya gunia la mchanga, akipiga kipande cha kibuyu alichokipaka chokaa. Risasi zote zikawa zinakwenda kulia. Basi akachukua nyundo, akagonga kile kijichuma kilichosimama mdomoni mwa bunduki, akakisogeza kulia vilevile. Nikasema moyoni, mtu huyu ana lake jambo. Lakini alipopiga tena risasi zilirudi katikati, ingawa mimi sikuridhika.

Alifanya mazoezi siku nyingi, akirudi nyuma kidogo kidogo, mpaka akawa anakitoboa kibuyu palepale anapotaka. Wanaume wa hapa wakaanza kumwita fundi. Wewe ndiye uliyemfundisha alenge kichwa, kwa kuwa risasi ile ni ndogo, ikiingia tumboni mnyama anakimbia nayo mpaka Kizuka. Naye amekusikiliza, kaka, amekusikiliza kupita kiasi.

Kwa sababu sasa kila paa anayeletwa nyumbani amekwisha chinjwa, amekwisha chunwa, na kichwa kimeachwa porini. Mimi ndiye ninayezikata nyama hizo. Mnyama aliyefikiwa na kisu akiwa hai, damu yake humwagika yote. Hizi ni nyeusi, damu imelala ndani ya mishipa. Nikimuuliza, anasema nyama ya porini ndivyo ilivyo. Nikimuuliza kichwa kiko wapi, anasema ni kizito. Mtu huyo huyo anabeba magunia ya ndagala, dagaa wa ziwani, kutoka Gitaza bila kuguna. Usikasirike nikikuambia kwamba hata wewe nilikushuku, maana siku ulipoleta bunduki mlinong'onezana sana.

Unajua kinachoninyima usingizi. Binti yetu Wema anaolewa mwezi wa Shaabani, na wakwe zake ni watu wa kushika dini. Assumani amekwisha watangazia watu kwamba nyama ya karamu itatoka kwenye bunduki yake. Wakija kujua tumewalisha kibudu, mnyama aliyekufa kabla ya kisu, ndoa imekwisha siku hiyo hiyo, na sisi hatutainua uso tena mahali hapa.

Basi Jumatatu nilimfuata. Nilijifanya naokota kuni, nikajibanza nyuma ya michikichi. Alisema Bismillahi, nilimsikia kwa masikio yangu, akapiga. Paa akaanguka palepale, hakurusha hata mguu. Assumani akakimbia na kisu, akamshika shingo, akatulia kidogo, ndipo akachinja. Damu ilitoka kidogo sana. Nikajitokeza, naye hakushtuka.

"Iko inapumua bado, Mama Wema," akasema. "Gusa hapa."

Niligusa. Kweli kitu kilikuwa kinapiga, lakini mpaka leo sijui kama ni shingo ya paa au ni vidole vyangu mwenyewe, maana nilikuwa nimekuja mbio, tena na hasira.

Sikubishana naye. Niliichukua nyama, nikaipika vizuri kwa mawese na pilipili, nikaiweka bakuli zima katikati ya sinia, na ndagala nikaziweka pembeni. Nilikaa karibu, tayari kulivuta lile bakuli, macho yangu yako kwenye mkono wake tu. Mkono ukaenda kwenye ndagala. Ukarudi tena kwenye ndagala. Wema akanyoosha wake achukue nyama, na baba yake akamshika kifundo.

"Acha, mutoto wangu," akasema.

Akainua bakuli, akatoka nalo nje, akarudi mikono mitupu. Mimi nilikwenda jikoni nikalia, kwa kumhurumia na kwa kumchukia pamoja, nikizifikiria sufuria zote zilizotangulia.

Nakuomba basi, ukija harusini njoo na mbuzi wanaotembea kwa miguu yao, na risasi ziache huko huko. Shemeji yako usimwambie kwamba nimekuandikia. Namngoja aniambie mwenyewe.

Mama anakusalimu sana, na Wema anakuamkia shikamoo. Nisalimie shangazi Mwamini na jirani zako wote. Na wifi yangu Kadidja mpe salaam zake peke yake, umwambie aniandikie kwa mkono wake nyama ya kwenu ina rangi gani.

Mwenyezi Mungu akulinde wewe na vyote unavyokula.

Ni mimi dada yako nikupendaye vilevile,
Batuli