Kishikio cha Ufunguo wa Mlango wa Buluu

Kwako Mama mkwe wangu mpendwa, huko Magunga,

Natumaini magoti hayakusumbui sana na mvua hii, na kwamba yule ng'ombe mkorofi amekubali kukamuliwa. Mimi na mjukuu wako Awuor tuko salama hapa Suna, ingawa salama yenyewe ni ya kuungaunga.

Bado natengeneza vile vishikio vya funguo vya shanga. Nakaa kitandani, namwaga shanga kwenye sinia, natunga jina la mtu kwa uzi wa nailoni, ule wa kushonea nyavu aliouacha marehemu mwanao. Macho yanawasha na shingo imekakamaa. Juzi kijana wa boda alitaka jina lake, shanga nyekundu zikaniishia njiani, nikamalizia na za kijani. Akakigeuzageuza, akasema, "Aki mathe, hii kiholda yangu imeanza nyama ikaishia sukuma wiki!" Lakini alikichukua. Nilicheka mpaka Awuor akaja kuona kuna nini. Sijacheka tena tangu hapo, Mama, maana jioni ile wifi Atieno alinipigia simu.

"Boke, usikasirike," alisema, "lakini Ouma anasema hiyo nyumba yako ataeka omena. Ati ulirudisha funguo, so umeenda."

Nimeumia. Shemeji Ouma anajua vizuri sikurudisha ufunguo. Tulipomaliza matanga na nikaamua kuja huku kutafuta riziki, niliuweka mkononi mwako mbele ya watu wote. Mama yangu mzazi alinilea hivyo: anayetarajia kurudi huuacha ufunguo kwa mwenye boma, anayehama huondoka nao. Sikujua kwamba machoni pa wengine nilikuwa naaga.

Naogopa gunia la kwanza la hao dagaa wake. Likiingia hilo, yatafuata mengine, kisha nyavu, kisha mtu wa kulinda nyavu. Na ni wewe uliyenifundisha kwamba mke asiye na nyumba katika boma la mumewe hana hata pa kulazwa akifa. Awuor naye ataonyeshwa wapi akiuliza kwa baba yake? Sina kinyongo na wewe, Mama. Nina hofu tu, na hofu hii inanifanya nikosee shanga, nafumua na kuanza upya.

Ndani ya bahasha hii kuna kishikio nilichokitunga kwa buluu na nyeupe, rangi za mlango wangu. Nimeandika BOKE kwa herufi kubwa, ili hata asiyetaka kusoma asome. Ufunge ufunguo wangu hapo, ukitundike kwenye msumari karibu na picha ya marehemu, Ouma akione kila anapokuja kunywa chai. Na kama ameshauchukua, usinifiche wala usinitafutie maneno matamu. Nirudishie kishikio kikiwa kitupu, nitaelewa.

Nisalimie wifi Atieno, asiyeweza kuweka jambo moyoni, na yule mama jirani aliyenifundisha Kijaluo cha sokoni. Msalimie pia shemeji Ouma. Mkumbushe kwamba siku nilipopaka ule mlango, ni yeye aliyenishikia mkebe wa rangi.

Mke wa mwanao, hata sasa,

Boke