Nani Anatoa Upepo wa Gari la Usharika?

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na unisamehe mwandiko maana mwanangu Samsoni sasa hivi amenivuta mkono kunionyesha mpira wake, ule wa kibofu cha mbuzi, aliulaza karibu na jiko ukajaa mpaka ukang'aa, kisha akautoa barazani kwenye ukungu na sasa umenywea, naye ananiuliza, mama, nani ameutoboa, nami nimeugeuza pande zote sioni tundu, na hapo ndipo nikatafuta kalamu, kwa sababu swali hilohilo ndilo linalotaka kuvunja ujirani wetu hapa Vuga.

Mume wangu Yonathani ni dereva wa gari dogo la usharika wa kanisa letu, Foksiwageni, analipenda mno, kila asubuhi kabla ya chai anapima upepo wa matairi kwa geji anayoiweka kwenye mfuko wa shati, anasema tairi laini linaisha upesi na linayumba kwenye kona za Soni, na ni kweli, maana gari hilo ndilo linalowapeleka wajawazito hospitali. Sasa kila akienda Mombo, kesho yake asubuhi anakuta matairi yote manne yamepungua, anajaza kwa pampu ya mkono huku ananung'unika, msumari hakuna, vali amezitia mate hazitoi povu, basi amesema mkosaji ni Bibi Yudith, jirani yetu, eti kwa kuwa gari lilimkanyagia kuku, na yeye ndiye hupita hapo mapema kukata majani ya mbuzi. Juzi alimwambia mbele ya watu, "Bibi, kuku mmoja utamlipiza mpaka lini?" Bibi akamjibu, "Baba Samsoni, mimi chupa ya mafuta ya taa namwita mkeo anifungulie, ndiyo nifungue matairi yako manne?" Watu wakacheka, mume wangu akazidi kuwaka, akapeleka shtaka kwa balozi wetu wa nyumba kumi, na balozi akirudi kutoka semina Korogwe mwisho wa mwezi, bibi ataitwa kujibu kwamba anahujumu mali ya watu wote. Mshauri, mikono ya bibi huyu ndiyo iliyompokea Samsoni wangu alipozaliwa.

Mimi niliishia darasa la nne, magari siyajui, lakini nimekuwa nikichungulia, na nimeona akienda Gare tu, hukuhuku milimani, asubuhi matairi hayana neno, akienda Mombo ndiyo yanapungua, nikamuuliza, huko Mombo unayafanyaje, akasema, "Kule joto, nikifika nakuta upepo umezidi ule ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, naupunguza, mimi si dereva mzembe." Basi nauliza, upepo unaweza kuvimba kwa joto na kunywea kwa baridi bila mkono wa mtu? Na kama ni hivyo nitamwambiaje asione nimemvua nguo, maana hapa ninapoandika Bibi Yudith ananiita kutoka uani kwake, na Yonathani amesimama mlangoni ananitazama kama nitaitika, nami

MSHAURI ANAJIBU

Mama Samsoni, barua yako imekatika njiani, lakini nimekuelewa, na natumaini uliitika.

Umechungulia vizuri. Upepo huvimba kwa joto na kunywea kwa baridi. Gari likiteremka kona zote zile, matairi yanachemka kwa mwendo na kwa jua, na geji inapanda. Huo si upepo uliozidi. Mumeo anautoa Mombo, gari linalala kwenye baridi ya Vuga, asubuhi geji inashuka. Anachokitoa mchana kwa mkono wake ndicho anachokitafuta asubuhi kwa jirani.

Lakini nawe nakugombeza. Unaogopa kumvua nguo mumeo. Bibi wa watu amekwisha kuvuliwa, tena hadharani, na wewe umekaa na jibu kifuani. Swali la upole halijavunja ndoa ya mtu.

Usimhubirie. Mwombe safari ijayo ya Mombo asiguse vali hata geji isemeje, kisha apime kesho yake asubuhi, gari likiwa halijatembea, atakuta upepo uko palepale. Hivyo ndivyo kitabu chake kinavyotaka, upepo upimwe tairi likiwa baridi, na asome vizuri, maana injini ya gari lile iko nyuma, matairi ya nyuma yanadai zaidi ya ya mbele. Akiogopa kupasuka, mwambie tairi laini ndilo linalochemka zaidi. Likipungua moja tu, hilo lina tundu, alipake maji ya sabuni.

Majina yenu nimeyabadilisha, ila gari la usharika mnalo moja tu, kwa hiyo jibu hili nimekutumia kwa posta kwanza ili mumeo alione mwenyewe kabla majirani hawajamsomea gazeti. Akishapima akaona, aende kwa balozi aliondoe shtaka, na kwa kuwa alimtuhumu bibi mbele ya watu, amsafishe mbele ya watu haohao. Asipokwenda, mshike mtoto mkono uende wewe, ukaseme ulichokiona.